Kaimu Kiuno

Watu wa nje husema nchi yetu ina matatizo mengi. Si kweli. Ilikuwa na tatizo moja tu, nalo ni kiuno cha Mtukufu Rais, na hata hilo lilipogundulika lilihamishwa siku hiyohiyo likawa la wananchi. Jina la nchi sitalitaja. Kulitaja kunahitaji kibali, na hapa nilipo sina pa kukiombea.

Mambo yalianzia uwanja wa ndege. Mtukufu alikuwa akimpokea mgeni, mfalme wa nchi fulani ya baridi, mtu mwembamba mwenye masikio makubwa. Bendi ikapiga wimbo wa taifa, Mtukufu akavuta pumzi asimame wima, na kifungo cha koti lake kikachomoka, kikaruka, kikampiga mfalme kwenye paji la uso. Mfalme alisema si neno. Lakini picha zilikuwa zimeshapigwa.

Kwingineko wangemfukuza fundi cherehani na maisha yakaendelea. Kwetu viongozi hufikiri kwa kina. Jioni ile Mtukufu alihutubia taifa kwa redio, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimepokea taarifa za kusikitisha. Mmenenepa."

Tulikuwa sebuleni, mimi na mke wangu Tunu. Tukatazamana. Mvua zilikuwa zimegoma tangu mwaka uliopita, na mtaani kwetu aliyekuwa amenenepa ni mbuzi wa mjumbe peke yake. Lakini mimi ni mtumishi wa serikali, na mtumishi wa serikali akiambiwa na mkubwa kwamba amenenepa, hujishika tumbo kwanza. Nikajishika. Kweli, lilikuwepo.

Mtukufu akaeleza kuwa wataalamu wamemgundua adui wa taifa. Adui huyo ni wanga. Alikuwa amejificha miaka yote ndani ya ugali, wali, chapati, mihogo na viazi, "na hata ndani ya maandazi," alisema, sauti ikimkatika, "maandazi ambayo nchi hii iliyaamini." Kuanzia kesho yake taifa lingekula kabichi na mayai ya kuchemsha, na nyama kwa wenye nyama. Tena kila mfanyakazi angefanya mazoezi ya viungo, na kwa kuwa nchi ina kazi nyingi, mazoezi hayo yangefanyika ndani ya saa za kazi, bila kazi kusimama.

Wimbo wa taifa ukapigwa kwa mwendo wa haraka, ili wasikilizaji waanze kuruka.

Tunu alizima redio. "Baba Mwadawa," akaniuliza, "na banda langu je?"

*

Hapa lazima niseme habari za banda. Tunu alikuwa mama ntilie. Alianza na jiko moja la mkaa kandokando ya barabara, mtoto wetu Mwadawa akiwa mgongoni, na nilipokuwa napanda vyeo kwa kusubiri, yeye alipanda kwa kupika. Kufikia siku za hotuba ile alikuwa na banda la mabati mbele ya lango la Wizara yetu, mabenchi, na sufuria kubwa ambayo mtu mzima angeweza kuikalia. Makarani walikula pale, madereva walikula pale, na wakubwa walituma watu. Ugali wake ulikuwa mgumu kiasi, laini kiasi, hauachi chembe kidoleni. Sisemi hivi kwa kuwa ni mke wangu. Nasema kwa kuwa nina njaa.

Banda lile ndilo lililokuwa uhai wake. Nyumbani alikuwa Mama Mwadawa, lakini pale bandani alikuwa mtu.

Wizara yetu zamani iliitwa ya Kilimo. Wiki ile ikabadilishwa jina ikawa Wizara ya Viuno, kwa hoja kwamba kilimo ndicho kilichomlea adui. Mkurugenzi wetu, Pazi Kilungule, alibaki na kiti chake. Pazi nilikaa naye dawati moja shuleni. Siku ya ndoa yangu ndiye aliyenisindikiza, na nilipotetemeka mbele ya shehe ndiye aliyenishika kiwiko akaninong'oneza, "Kaza moyo, niko nyuma yako." Niliyaamini maneno hayo kwa miaka mingi.

Alikuja nyumbani mwenyewe, bila dereva, akavua viatu mlangoni.

"Shemeji," akamwambia Tunu, "lile banda lifunge kwa hiari."

"Na nisipolifunga?"

"Utafungiwa kwa nguvu, na hapo sitakuwa na mdomo wa kukutetea. Ukilifunga kwa hiari utakuwa mfano kwa taifa. Siku ya Kiuno, taifa likishapimwa, Wizara itafungua jiko lake. Unadhani nitampa nani zaidi yako?"

"Nikapike nini shemeji, kabichi?"

"Utapika utakachoambiwa. La muhimu utapika."

Tunu akanigeukia. "Wewe unasemaje, Baba Mwadawa?"

"Pazi hajawahi kuniangusha," nikasema. "Lifunge. Nakuahidi jiko lako utalipata."

Kesho yake pikapu ya Wizara ilikuja kuchukua sufuria, miiko na mabenchi, vikatangazwa redioni kuwa ni silaha za adui zilizosalimishwa. Tunu alisimama barabarani mpaka gari likapotea. Hakulia. Aliniuliza tu kama nimeona walivyoitupa ile sufuria kubwa, kwamba haikutakiwa kutupwa vile, ingepinda mdomo.

*

Sasa niseme tulivyofanya kazi, kwa sababu wengi wanafikiri mazoezi na ofisi haviendi pamoja. Vinakwenda. Inategemea unataka kazi gani iishe.

Kitu cha kwanza kuondolewa kilikuwa chai ya saa nne. Nimeona watumishi wakistahimili kucheleweshewa mshahara na kuhamishiwa mikoa ya mbali, lakini siku ile birika lilipotolewa nje na askari wawili, niliona wazee wenye mvi wakigeukia ukutani. Mahali pa chai pakawekwa mchakamchaka. Tulizunguka jengo tukiimba, kiongozi akiuliza "Tumbo?" nasi tukijibu "Ndani!", akiuliza "Ugali?" tunajibu "Haini!" Wa mbele walikuwa makarani. Wakubwa walikuwa wakitupungia kutoka dirishani.

Lifti ilifungwa kwa waya. Mafaili yakawa yanakimbizwa kwa ngazi kutoka ghorofa hadi ghorofa, na atakayekutwa akitembea anarudishwa chini aanze upya. Kupiga muhuri kulitanguliwa na pushapu. Mwananchi naye hakuachwa nyuma: huduma ilitolewa kwa anayechuchumaa tu.

Alikuja bibi mmoja, Bi Mashavu, kufuatilia mirathi ya marehemu mumewe, aliyekuwa mtumishi wa Wizara. Mimi ndiye niliyekuwa dirishani.

"Mazoezi kwanza, bibi," nikamwambia. "Chuchumaa."

"Mjukuu wangu, nikichuchumaa hapa, kuninyanyua utaninyanyua wewe?"

"Ni sheria, bibi."

"Basi niandikie kwamba nami nimekufa, niende zangu nyumbani."

Ilibidi nimweleze kuwa cheti cha kifo nacho kinataka mtu aruke kamba kwanza. Bi Mashavu alinitazama usoni, akanitazama na mkanda wangu uliokuwa umeanza kulegea, akasema, "Poleni, wanangu." Nikadhani amechanganyikiwa kwa uzee.

*

Pazi hakuwa anapata nafasi ya kufanya mazoezi. Alikuwa na vikao vingi mno kuhusu mazoezi. Lakini kanuni zetu ni pana. Zinasema kiongozi akibanwa na majukumu anaweza kumkaimisha mtu, na hazikusema ni majukumu ya kichwa tu. Waziri alikuwa akipigiwa pushapu na dereva wake, nazo zikiandikwa kuwa za Waziri. Mbio za Katibu Mkuu zilikimbiwa na mhudumu wa chai, ambaye tangu birika liondoke hakuwa na la kufanya.

Pazi akaniteua mimi kuwa Kaimu Kiuno wake. Ilifanywa hafla ndogo. Alinivisha utepe wa fundi cherehani shingoni, akaweka mikono yake miwili mbavuni mwangu mbele ya wafanyakazi wote, akasema:

"Ndugu zangu, kuanzia leo kiuno hiki si cha Shomari tena. Ni cha ofisi. Shomari atakitunza kwa niaba yangu, na siku Mtukufu atakapokuja kutupima, kitapimwa kwa jina langu."

Watu walipiga makofi. Machozi yalinilengalenga. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kukaimu kitu chochote.

Basi nikakitunza. Asubuhi yai, mchana kabichi, jioni kabichi iliyobaki. Nilikimbiza mafaili yangu, kisha nikakimbiza ya Mkurugenzi. Nilitoboa mkanda matundu mapya kwa msumari, na matundu yalipoukaribia upande wa pili nikaanza kufunga suruali kwa kamba ya katani. Usiku niliota ugali. Haukuwa na mboga, ulikuwa umekaa tu kwenye sinia, unatoa moshi, hausemi kitu.

Tunu hakuwa akila na mimi. Aliniandalia kabichi yangu, akakaa pembeni. "Kula tu," alikuwa akisema. "Mimi sina hamu." Pazi alikuwa amemtafutia nafasi kwenye mafunzo ya lishe palepale Wizarani, ili awe tayari kwa lile jiko, na kila siku alikuwa akirudi amechoka, ananuka moshi. Nilimwona mashavu yakijaa. Nikahitimisha kuwa ni huzuni. Nimewahi kusikia kwamba huzuni kwa wanawake wengine hukaa usoni.

*

Mtaani sheria ilisimamiwa na wanusaji. Kila mjumbe wa nyumba kumi alipewa fulana ya njano na madaraka ya kunusa masufuria. Wa kwetu, Bwana Chuma, mwenye yule mbuzi, alianza kazi kwa bidii, lakini pua ya mtu mmoja haiwezi kushinda mtaa mzima. Watu walikuwa wanasonga ugali huku wamechoma mpira wa baiskeli nyuma ya nyumba.

Ndipo Bwana Chuma akagundua njia ambayo baadaye ilimpatia cheo. Aliacha kunusa. Akawa anapita tu milangoni mida ya chakula, taratibu, akikohoa na kuburuta ndala. Basi. Mtu anaweza kufunga mlango kwa komeo, akaziba dirisha kwa gunia, akawaapisha watoto wasiongee. Lakini akisikia mguu wa mtu unapita naye ana tonge mkononi, mdomo wake hautamsubiri. Unasema wenyewe:

"Karibu!"

Tumelelewa hivyo. Kwetu mtu anayekula asikaribishe apitaye hata mama yake humwonea aibu. Wiki ile walikamatwa mafundi, walimu, shehe mmoja na padri mmoja waliokuwa wanakula pamoja, na familia nzima ya jirani yangu mpaka mgeni wao. Wote walikaribisha. Walipelekwa kwenye Kambi ya Kupunguza, nje ya mji. Wachoyo hawakuguswa hata mmoja, na serikali ikawasifu kwa uzalendo.

Mimi nililiona jambo hilo ni ushindi wa sayansi. Nililisema hata nyumbani. Tunu alikuwa anafua. Aliendelea kufikicha shati langu, akanijibu, "Ndiyo, Baba Mwadawa."

*

Siku chache kabla ya Siku ya Kiuno nilikuwa nakimbiza faili kwenda ghorofa ya juu kabisa. Nilikuwa nimepanda kwa mikono na miguu. Huko juu kuna mlango mmoja ulioandikwa CHUMBA CHA UTAFITI WA ADUI, na sisi wadogo hatukuwa na sababu ya kuukaribia. Lakini kulikuwa na harufu. Nilijua ni njaa inanichezea, kwa sababu ilikuwa harufu ya ugali wa moto na samaki wa nazi, na mambo hayo yalikuwa yameshakwisha katika nchi yetu. Nikajikokota kupita, soli ya kiatu ikipiga sakafu.

"Karibu!" ikasema sauti ndani.

Kisha mnong'ono: "Nani aliyekaribisha?"

"Si ni wewe mwenyewe, Mkurugenzi!"

"Mdomo umenitoka."

Ningejibu "Asante, endeleeni" nikaenda zangu, kama adabu inavyotaka. Lakini miguu ilikuwa imeshageuka. Nikasukuma mlango.

Walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Pazi alikuwepo, amefungua vifungo vyote vya shati. Bwana Chuma alikuwepo na fulana yake ya njano. Walikuwepo wakuu wa idara. Katikati yao kulikuwa na ugali, mweupe, umetulia, unatoa moshi.

"Shomari, ndugu yangu," akasema Pazi baada ya kumeza. "Umetukuta kazini. Adui humjui mpaka umkaribie."

"Tunamchunguza," akasema Bwana Chuma, akijifuta mafuta ya samaki.

"Nami nimekaribishwa," nikasema. Sikuwa na hasira bado. Nilikuwa na mate.

Hawakuweza kukataa. Mtu akishakaribishwa amekaribishwa. Wakanisogezea bakuli la maji, nikanawa, nikakaa, nikanyoosha mkono. Vidole vyangu vilikuwa vimeshahisi joto lake pale Pazi aliponidaka kifundo cha mkono.

"Hapana! Usile wewe!"

"Mbona ninyi mnakula?"

"Sisi tuna viuno vyetu," akasema Pazi, na nilimwona ameogopa kwelikweli. "Hicho ulichonacho ni changu. Unataka kuniharibia?"

Hapo pazia la nyuma likafunguka, akatoka mpishi na sahani ya nyongeza. Alikuwa amejifunga kanga yenye maua ya zambarau, ileile niliyomnunulia sikukuu. Nyuma yake, juu ya mafiga, niliiona ile sufuria kubwa. Mdomo wake ulikuwa umepinda.

Tunu ndiye aliyeanza.

"Ningekuambia, ungeniripoti."

"Mimi?"

"Nani aliyeniambia nifunge banda? Nani alikuja nyumbani anafurahi majirani wamekamatwa kwa kukaribisha?" Sauti yake haikuwa ya ukali. Alikuwa ananieleza tu. "Nilipewa nipike nikapika. Nisingepika mimi angepika mwingine, kwenye sufuria yangu."

"Na kabichi uliyokuwa unanipa mimi?"

"Si ndiyo uliyoitaka?"

Iliniuma, na sitaificha hapa kwa maneno ya kuchekesha. Nilikuwa nimelala njaa karibu na mwanamke aliyeshiba, nikamwonea huruma kwa mashavu yake. Wote mle ndani walikuwa wanajua. Nchi nzima pengine ilikuwa inajua. Mtu aliyekuwa haelewi kwamba sheria ile ni ya kuimba tu wala si ya kufuata, alikuwa mimi.

Pazi alinishika bega, akanitoa hadi ngazini. "Vumilia mpaka Siku ya Kiuno," akaniambia. "Tumepanga Mtukufu mwenyewe akate utepe wa jiko la shemeji. Ukifungua mdomo sasa, jiko atalikosa. Utamfanyia hivyo mkeo?"

Ningeweza kufungua mdomo. Niliwaza ile siku ya pikapu, Tunu amesimama barabarani. Nikashuka ngazi, nikaenda kula kabichi.

*

Siku ya Kiuno ilifanyika uwanja wa taifa. Mtukufu alikaa jukwaani kwenye kiti kipya, kipana zaidi ya kile cha zamani, na koti lake safari hii halikuwa na vifungo. Lilifungwa kwa kamba nyuma, mahali ambapo wapiga picha hawaruhusiwi. Upande wa kulia wa uwanja kulikuwa na banda jipya la mabati yanayong'aa, limezungushiwa utepe mwekundu. Tunu alikuwa amesimama mbele yake na kilemba cheupe.

Likaitwa jina la kwanza. "Kiuno cha Mkurugenzi Pazi Kilungule!"

Nikatoka mbele, nikapandisha shati. Mpimaji akanizungushia utepe, ukabaki mrefu mkononi mwake. Uwanja ulilipuka kwa makofi. Mtukufu alisimama, akamvisha Pazi nishani, akasema kwamba kwa macho yake hajawahi kuona mtumishi aliyejinyima namna ile. Pazi alishukuru kwa unyenyekevu, akasema isingewezekana bila familia yake.

Yakafuata majina mengine. Kisha mpimaji akasoma: "Kiuno cha Bwana Shomari, karani!"

Nikapiga hatua. Mpimaji akanizuia kwa kiganja. "Wewe umeshapimwa."

"Nilipimwa kwa niaba."

"Kiuno kimoja hakipimwi mara mbili, bwana. Utatuharibia takwimu."

Watu wakaanza kunong'ona. Ndipo Pazi aliposogea kwenye kipaza sauti. "Mtukufu," alisema, "Bwana Shomari amekaimu kiuno changu kwa uaminifu. Haki inadai na mimi nimlipe fadhila. Nitakaimu cha kwake."

Uwanja ulishangilia upole wake. Wanawake walipiga vigelegele. Pazi akapandisha shati. Mpimaji akazungusha utepe, haukukutana. Akaomba utepe wa pili, akauunganisha kwa fundo.

Mtukufu alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Shomari ni nani?"

Nikanyoosha mkono.

"Mbona mwembamba?"

"Wembamba huo ni wa kwangu, Mtukufu," akasema Pazi.

Mtukufu akaitikia kwa kichwa, akaelewa. Katika nchi yetu mkubwa huelewa haraka. "Mtu huyu," alisema akininyooshea kidole, "amemfuga adui tumboni mwake wakati taifa zima linajinyima. Ana mke?"

Tunu akaletwa jukwaani. Nilipumua. Nilijua sasa kweli itasemwa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anawapikia, na ndiye aliyeuona mgongo wangu ukihesabika mifupa kila nilipooga. Pazi hakumtazama. Alikuwa analitazama lile banda.

"Mama," akauliza Mtukufu kwa upole, "sema bila woga. Mumeo anakula ugali?"

Tunu alinitazama. Kisha naye akageuka upande wa banda, mabati, utepe.

"Anakula, Mtukufu."

"Anapikiwa na nani?"

"Anajipikia mwenyewe. Mimi nikishalala."

Uwanja mzima uliguna. Hata waliokuwa wanalala njaa walichukizwa. Nilifungua mdomo kusema, na bendi ikapiga wimbo wa taifa kwa mwendo wa haraka, watu wote wakaanza kuruka, na anayeongea wakati wa wimbo wa taifa anaongeza kosa. Kwa hiyo nikaruka. Nilipokuwa ninachukuliwa nilimwona Mtukufu anampa Tunu mkasi. Ahadi niliyompa sebuleni kwetu ilitimia pale, mbele ya taifa lote.

*

Sasa niko Kambi ya Kupunguza. Daktari wa hapa alinipima mara tatu akakuna kichwa. "Kwa maandishi una tumbo kubwa sana," aliniambia. "Tutalitafuta." Kila asubuhi wananikimbiza, na kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kupungua, wameanza kunipunguzia usingizi. Wenzangu ni watu wema. Wengi wao walikuja hapa kwa kukaribisha wageni. Jirani yangu aliponiona nalia, alinisogezea nusu ya blanketi lake bila kuuliza mimi nilisemaje siku waliyokamatwa.

Jumapili hii Tunu alikuja kuniona. Alikuwa na gauni jipya na amenenepa vizuri, na ameshika hotpoti kubwa iliyofungwa kwa kitambaa. Askari waliomsindikiza walimwita "Mama Lishe" na hawakumpekua, maana wote wanakula kwake. Nilipoiona ile hotpoti moyo wangu ulinyanyuka wenyewe. Nilisahau uwanja, nilimsahau Pazi. Nilijiambia kwamba amekuja kuomba radhi kwa njia anayoijua, na kwamba mtu anaweza kuomba radhi kwa mkono hata kama mdomo umeshindwa. Nikaapa kimoyomoyo kwamba nikila tonge moja tu nitamsamehe.

"Pole na kambi, Baba Mwadawa," akasema.

"Tumeshapoa."

"Jiko linakwenda. Mwadawa anakusalimu."

"Nisalimie na yeye."

Nikafungua kifuniko. Ilikuwa kabichi ya kuchemsha, haina hata chumvi.

Alikuwa ameshaanza kufuta macho. "Ningeleta kitu kingine," akasema, "wangesema mimi ndiye niliyekuwa nakupikia. Wangenifungia jiko. Si unaelewa lakini?"

Kwenye kucha zake kulikuwa na ugali umekaukia. Nilimchukia pale, na nilimchukia zaidi kwa kuwa alikuwa analia kweli. Nilitaka nimrudishie hotpoti yake, nimwambie aende nayo kwa Pazi.

"Naelewa," nikasema, nikaanza kula.